Sura ya Saba: Toleo la Nne

Jalada lilikuwa limeshafungwa. Kijana wa dawati la kompyuta pale kituoni alilifunga kwa maneno matatu, "hitilafu ya mashine," mkuu wa kituo akampigia makofi mbele ya watu, na chai ikaendelea kunywewa. Inspekta hakupiga makofi. Tuseme ukweli, roho ilimuuma. Miaka yote aliyohangaika na wezi wa nyaya na matapeli wa viwanja hakuna aliyempigia hata kofi moja, na huyu wa juzi tu, ndevu hazijajua ziote wapi, amepewa chumba chenye kiyoyozi. Kwa hiyo alipoliomba jalada "alipitie kidogo tu," haki ilikuwa nusu ya sababu. Nusu ya pili ilikuwa kijicho, na yeye mwenyewe alilijua hilo alipokuwa akipanda ngazi za studio.

Wenzake walimwita Kwanini, kwa swali ambalo halikumbanduka mdomoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya raba na mkoba mkubwa usiofungika, na alipenda watu wamdharau mapema ili waongee.

Studio ilikuwa chumba kimoja juu ya saluni ya kusuka. Kuta zilibandikwa sponji za magodoro, dirisha lilizibwa kwa zulia la zamani, na kwenye stendi ya maikrofoni ilining'inia shali ya rangi ya zambarau. Mwenye chumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikaa mbele ya kompyuta akiwa amejikunja kama mtu anayeumwa tumbo.

"Nieleze tena," alisema Inspekta. "Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu angeshanizaba kibao, afande."

"Basi nieleze kabla na mimi sijafikia huko."

Kisa chenyewe hakikuwa kirefu. Mwimbaji aliyepewa na mashabiki jina la Kinubi aliota uvimbe kooni. Madaktari walimwambia bila kuzunguka: wakipasua ataishi, lakini sauti haitarudi. Akaomba muda kidogo, akaja kwenye chumba hiki, akaimba wimbo mmoja wa mwisho, halafu akaenda kulala kwenye kitanda cha upasuaji. Aliamka mzima, bubu. Fundi alipoufungua tena ule wimbo ili aumalizie, sauti ya Kinubi haikuwemo. Na Kinubi hawezi kuimba tena hata neno moja.

"Mtu mwenye akili huweka akiba," alisema Inspekta.

"Niliweka." Fundi aliigeuza skrini. "Kila nikikaa hapa, kabla sijagusa chochote, nahifadhi toleo jipya. La jana nalifunga, sirudi kulichafua. Nikiharibu leo, la jana lipo. Wimbo huu una matoleo thelathini na mawili. Ona, yamepangwa."

"Thelathini na mawili, na hakuna hata moja lenye sauti yake?"

"Ndipo ulipo ujinga wangu." Fundi alijishika kichwa. "Toleo ni kama maelezo ya mapishi, afande. Linasema, chukua ngoma hii, weka hapa, chukua sauti ile, ianzie pale. Sauti yenyewe haimo ndani ya toleo. Imo kwenye kabati moja, na matoleo yote yanachota humo humo. Mimi kila jioni nilikuwa nanakili matoleo kwenye diski ya pembeni, nalala usingizi wa mtoto mchanga. Kumbe nanakili karatasi za mapishi tu. Kabati sikuligusa."

"Kwa hiyo una mapishi thelathini na mawili na jikoni hamna kitu."

"Hamna kitu."

"Na hukuutoa wimbo mzima hata mara moja, mtu ausikilize kwenye simu?"

"Tulishavujishiwa wimbo zamani. Kinubi mwenyewe akaweka sheria, hakitoki kitu mlango huu kabla hakijaiva. Na yule kijana wenu alijaribu kufukua kwenye diski, akapata vipande vya kwikwi tu. Kabla sijagundua nilikuwa nimesharekodi matangazo ya redio kwenye nafasi ileile."

Inspekta alivuta kigoda, akakaa. "Kijana wetu anasema mashine ilikosea. Mashine ikikosea huwa inachagua?"

"Kuchagua vipi?"

"Nionyeshe hilo kabati. Sitaki kujua kilichopotea, hicho mmeshakililia vya kutosha. Nataka kilichobaki."

Fundi alilifungua. Hakukuwa na mengi. Ngoma zilikuwapo, besi ilikuwapo, gitaa la kwanza lilikuwapo. Tarumbeta ilikuwa imekwenda na maji. Kiitikio cha wanawake kilikuwa kimekwenda. Sauti ya Kinubi, ndiyo hiyo. Na chini kabisa palikuwa na faili moja ambalo Fundi alitaka kulipita.

"Hilo nalo?"

"Hilo si kitu. Sauti ya mfano. Mdogo ndiye aliyeimba."

Mdogo alikuwa ndugu wa Kinubi wa tumbo moja. Alikuwa mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu, lakini tangu utotoni aliitwa Mdogo na hakuna aliyejisumbua kumbadilishia. Kinubi hakujua kusoma muziki. Mdogo ndiye aliyeuimba wimbo kwanza, dada akasikiliza, akaushika, halafu akaingia mwenyewe. Ikishaingia sauti ya dada, ya Mdogo hutolewa. Ndivyo walivyofanya kazi kwa nyimbo zote.

"Na kwenye toleo la mwisho hii sauti ya mfano inatumika?"

"Wapi. Ilitoka zamani. Kuanzia la tano haimo."

"Sasa kwa nini ibaki kitu kisichotumika na ipotee roho ya wimbo?"

 Fundi alianza kueleza polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Kwenye programu ile kulikuwa na amri ya kusafisha. Ukiibonyeza, inalipekua kabati na kutupa kila kisichotumiwa na toleo lililo wazi mbele yako. Haiyajali matoleo mengine. Wapiga muziki wengi wamejikuta wakilia kwa ajili yake, ndiyo maana yeye hakuigusa kamwe.

"Kwa hiyo anayesafisha anaacha nyayo," alisema Inspekta. "Kinachobaki kinatuambia alikuwa amefungua toleo gani."

Fundi alianza kuyafungua moja moja. La thelathini na mbili lilijaa alama nyekundu, faili halipo, faili halipo. La kumi na tano, nyekundu. La tano, nyekundu. La nne likafunguka safi, halina pengo hata moja.

Pembeni ya majina palikuwa na tarehe. Matoleo yote yalifuatana kwa adabu, isipokuwa la nne, ambalo lilihifadhiwa mara ya mwisho siku ya upasuaji.

"Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Hospitali. Mimi na Mdogo, kwenye benchi. Na kama unanifikiria mimi, afande, mimi nikifungua la zamani nahifadhi jipya kwanza. Mkono umeshazoea, hauniulizi. Ungekuta la thelathini na tatu."

"Na mkeo?"

Fundi aliyatazama magoti yake. "Alibaki saluni."

"Ufunguo wa huku juu?"

"Upo kwenye msumari. Chini. Kwake."

*

Mke wa Fundi alikuwa akimsuka mteja, mdomo umejaa pini. Alizitema kwenye kiganja alipoona kitambulisho.

"Nilijua mtakuja kwangu. Mtaa huu wote unajua simpendi Kinubi."

"Kwa nini?"

"Kwa nini?" Alicheka bila furaha. "Afande, una mume?"

"Niliwahi kuwa naye."

"Basi utanielewa. Mimi nikikohoa usiku, mume wangu anageukia ukutani. Kinubi akikohoa, anatafuta ndimu na asali. Akimsifia sauti, anafumba macho. Macho hayo mimi sijawahi kufumbiwa tangu harusi. Wivu ulinila mpaka kwenye mifupa, na sioni aibu kusema. Lakini mkono wangu haujagusa kompyuta yake. Ningetaka kumfuta mtu, ningeanza na huyo mwanamume."

Mteja aliguna kwa kuafiki, kichwa hakikusogea.

"Ulikuwa peke yako hapa siku ya upasuaji, na ufunguo ukiwa kwenye msumari," alisema Inspekta. "Aliyesafisha ametupa sauti ya Kinubi. Ametupa na kiitikio cha wanawake."

Mikono ya mke wa Fundi ilisimama juu ya nywele. "Kiitikio gani?"

"Kiitikio cha wimbo."

"Kile changu?"

Inspekta alimwacha aendelee.

"Mume wangu hakuniambia," alisema mwanamke, na sauti ilishuka. "Nimewaambia wateja wote. Nimemwambia mama yangu kwamba atanisikia redioni. Mara ya kwanza katika ndoa yangu niliitwa kule juu, nikavalishwa zile spika za masikioni, nikaambiwa, imba. Akafumba macho, afande. Nilimwona kwenye kioo cha kompyuta. Alifumba."

Alikaa kwenye kiti cha wateja. Inspekta alikuwa ameshaona watu wengi wakilia kwa ustadi, na huyu hakuwa na ustadi wowote, pua ilikuwa inamtiririka. Mtu huyo angemtupa Kinubi shimoni bila kupepesa, ila kiitikio kile asingekitupa.

"Siku hiyo ufunguo ulitoka kwenye msumari?"

"Ulitoka kidogo. Mdogo alitoka hospitali mara moja, akaja kuuomba. Alisema dada yake ameomba shali yake, hospitali kuna baridi, ameisahau juu. Nikampa. Akakaa huko kidogo, nikadhani analia, nikamwachia nafasi yake. Aliporudisha ufunguo alikuwa mtulivu kabisa."

"Kwa nini hukumwambia yule askari wa kwanza?"

"Hakuuliza kitu. Aliiuliza kompyuta, akashuka, akaenda."

Hapo Inspekta alisikia raha ndogo isiyo na heshima, akaificha kwa kukohoa. Alirudi juu ngazi mbili mbili. Shali ya zambarau ilikuwa bado kwenye stendi ya maikrofoni. Aliigusa na vumbi likamshika vidole.

"Waite wote wawili," alimwambia Fundi. "Sema una jambo la kuwasikilizisha."

*

Walikuja alasiri. Kinubi alikuwa mrefu, amefunga kitambaa shingoni, na alitembea kama mtu aliyezoea watu wampishe njia. Mdogo alikuja nyuma yake amebeba mikoba yote miwili. Tangu upasuaji, Kinubi aliandika kwenye simu alichotaka kusema, na Mdogo alikisoma kwa sauti. Walishazoea kiasi kwamba simu ilitoka mkono huu kwenda mkono ule bila wao kutazamana.

"'Mmempata?'" Mdogo alisoma.

"Tunakaribia," alisema Inspekta. "Mdogo, mama, siku dada yako anapasuliwa, shali ilimfikia?"

"Shali?"

"Uliyokuja kuichukua."

Mdogo aliitazama stendi ya maikrofoni. Kila mtu chumbani aliitazama.

"Niliisahau," alisema.

"Ulipanda ngazi kwa ajili ya shali, ukashuka bila shali, ukarudi hospitali mikono mitupu, na hukukumbuka?"

"Nilikuwa na mawazo, afande. Dada yangu alikuwa anapasuliwa."

"Kwa nini ulifungua toleo la nne?"

 Fundi alitaka kusema kitu, Inspekta akamzuia kwa kidole. Alimweleza Mdogo habari ya kabati, bila kupandisha sauti. Kilichotupwa ni kila kilichorekodiwa baada ya la nne. Kilichobaki ni cha la nne chote. Na ndani ya la nne, anayeimba ni mtu mmoja.

"Nilitaka kujisikiliza," alisema Mdogo mwishowe. "Basi. Nilijua akitoka kule hataimba tena. Nikasema, ngoja nijisikie mara moja nikiwa mbele, kabla sijaanza kuwa muuguzi wake. Nikasikiliza. Nikataka kuchukua nakala kwenye flashi yangu, mashine ikasema imejaa, ikanipa ile amri ya kusafisha. Ikaniletea orodha ya vitu visivyotumika."

"Ukaona nini?"

"Jina la dada." Mdogo alicheka kidogo, akashtuka mwenyewe kwa kicheko kile. "Maisha yangu yote mimi ndiye wa kutolewa. Naimba, anajifunza, natolewa. Siku hiyo nikaona jina lake ndilo lililoandikwa halitumiki. Nilisikia raha, afande. Sitakudanganya. Ikaniuliza kama nina uhakika. Ikasema, haiwezi kurudishwa. Nikajibu, ninao."

"Ulijua kwamba hata matoleo mengine yatakufa?"

"Fundi alinifundisha mwenyewe. Nilijua."

Inspekta alikuwa amepata alichokifuata. Kukiri mbele ya mashahidi wawili, kwa hiari, bila kofi wala kitisho. Alishaiona sura ya yule kijana mwenye kiyoyozi. Alimgeukia Kinubi ili amuulize neno moja tu la kisheria, kwa sababu mali ilikuwa yake na bila mlalamikaji hakuna kesi.

Kinubi hakuwa analia. Alikuwa anaandika. Alimpa Mdogo simu, na Mdogo, kwa mazoea, akasoma.

"'Nataka kuisikia.'"

Fundi aliwatazama wote, akabonyeza. Ngoma zikaingia, gitaa likafuata, halafu sauti ya Mdogo. Inspekta hakuwa mtu wa muziki, lakini nywele za mikono zilimsimama. Ilikuwa sauti ya dada, mshono uleule, ila hii haikujivuna. Ilipofika juu haikujikaza, ilipita tu. Fundi alikuwa amefumba macho.

Kinubi alimwona amefumba macho. Inspekta, aliyekuwa akizisoma nyuso kwa kazi, alimwona mwanamke yule akielewa jambo ambalo pengine alilikimbia tangu utotoni, kwamba aliyekuwa akimfundisha alikuwa bora kuliko yeye, na bado anaweza kuimba kesho, na kesho kutwa, na kila akitaka. Shavu lake lilicheza. Mkono ulipanda shingoni, ukashika kitambaa.

Wimbo ulipokwisha aliandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena. Akampa Mdogo simu.

"'Sishtaki mtu,'" Mdogo alisoma.  Machozi yaliyokuwa yamekataa kutoka yakaanza. "'Toleo hili la nne ni zuri. Litoke kama lilivyo.' Dada. Dada, mimi..."

Kinubi aliigonga skrini kwa ukucha. Kulikuwa na mstari mwingine chini.

Mdogo aliusoma kimya kwanza. Halafu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, aliusoma kwa sauti.

"'Litoke kwa jina langu.'"

"Watu watajua," alisema Fundi.

Kinubi aliichukua simu, akaandika, akairudisha.

"'Hawatajua. Wataambiwa ni sauti yangu ya mwisho,'" Mdogo alisoma. "'Watalia. Na mdogo wangu atakaa pembeni yangu wakinipa pole.'"

Fundi alivua spika za masikioni shingoni, akaziweka mezani taratibu. Inspekta alijikuta hana swali. Alimtazama Kinubi, akamtazama Mdogo, akajaribu kukumbuka ni kifungu gani cha sheria kingemruhusu kuingia kati ya watu hawa wawili. Hakukiona.

Mdogo alimsogelea, akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

"Afande, nipeleke kituoni."

"Kwa kosa gani? Mlalamikaji ameondoa malalamiko."

"Nimekiri. Umenisikia. Hawa wamenisikia."

"Nimekusikia, mama."

"Basi nifunge. Tafadhali. Nitasema tena, nitaandika, nitasaini popote. Nifunge mimi, ila wimbo usitoke hivyo."

"Sina kesi," alisema Inspekta, na hakuwahi kulisema neno hilo kwa sauti ndogo namna ile.

Mikono ya Mdogo ilibaki hewani kwa muda, haijui iende wapi. Nyuma yake Kinubi alikuwa ameshasimama. Aliitoa shali kwenye stendi, akaikung'uta vumbi, akajitanda. Aliandika neno fupi, akamwekea Mdogo simu mkononi, akamkunja vidole juu yake.

"'Twende nyumbani,'" Mdogo alisoma.

Aliinama, akaokota mikoba yote miwili. Kinubi alikuwa ameshafika mlangoni, anamsubiri.